Difarensia: Sifa bainifu inayoamua lipi ni jiji, upi ni msitu na nani ni mwenyeji

MNAMO Desemba 1, 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji la nne nchini Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Barabara za mji huo hazikupanuka siku hiyo, wala wakazi wake hawakuongezeka. Kabla ya sherehe Nakuru ilikuwa manispaa. Baada ya sherehe ikawa jiji.

Hatua hiyo iliwezekana kwa sababu sheria ilikwisha kutaja mambo yanayoutenga mji unaostahili kuitwa jiji na miji mingine yote. Mambo ya namna hiyo, yanapokuwa sehemu ya fasili, wanamantiki huyaita difarensia.

Neno hili limetoholewa kutoka Kilatini, differentia, nomino iliyozaliwa na kitenzi differre, ambacho maana yake ya awali ni kubeba kitu upande huu na kingine upande ule. Kwa Kiswahili, istilahi iliyo karibu nalo zaidi ni sifa bainifu, ambayo wanafunzi wa fonolojia wanaifahamu kutokana na masomo yao ya sauti za lugha. Katika mantiki, hata hivyo, difarensia ina kazi mahususi: ni ile sehemu ya fasili inayotaja kitu kinachoitofautisha aina moja na ndugu zake walio chini ya jamii moja.

Fasili kamili huwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni neno au dhana inayofasiliwa, ambayo kwa Kilatini huitwa definiendumu. Upande wa pili ni maneno yanayotumiwa kuifasili, yaani definiensi. Definiensi nayo hugawika sehemu mbili. Kwanza hutajwa jenasi, yaani jamii pana ambamo kitu hicho kimo. Kisha hufuata difarensia, inayokata jamii hiyo pana na kukibakisha kile kinachotafutwa.

Mfano ulio karibu ni wa mifugo. Mfugaji wa Molo au Njoro anapoulizwa mtamba ni nini, hujibu kwamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Ng'ombe ndiyo jenasi. Jike na ambaye hajazaa ndizo difarensia, na hapa ziko mbili. Ondoa ya pili, na ng'ombe wote wa maziwa wa eneo hilo wataitwa mitamba. Ondoa ya kwanza, na mafahali nao wataingia, kwa kuwa fahali hajapata kuzaa tangu dunia iumbwe. Maksai, kwa upande wake, ni ng'ombe dume aliyehasiwa. Neno moja tu, aliyehasiwa, ndilo linalomtenga na fahali. Mnunuzi mnadani hahitaji kusoma mantiki ili ajue uzito wa neno hilo, kwa maana bei ya mtamba si bei ya ng'ombe aliyezaa mara sita.

Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, ndiye aliyeuweka utaratibu huu katika maandishi. Katika kitabu chake kinachojulikana kama Topika, alieleza jinsi ya kuijenga fasili na jinsi ya kuibomoa fasili ya mpinzani. Miaka takriban 600 baadaye Porphyry, msomi mzaliwa wa Tiro katika nchi ambayo leo ni Lebanon, aliandika utangulizi mfupi uitwao Isagoge, ambamo alizichambua dhana tano: jenasi, spishi, difarensia, sifa ya pekee na sifa ya sadfa. Boethius, Mrumi aliyefariki katika karne ya sita, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na kwa njia hiyo neno differentia likaingia katika vyuo vya Ulaya likabaki humo hadi leo.

Kitabu hicho hicho kilitafsiriwa pia kwa Kiarabu, na hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo la kumfurahisha. Waarabu waliita jenasi jins, na difarensia wakaiita fasl. Neno la kwanza ndilo lililotupatia jinsi na jinsia. La pili lina mzizi uo huo wa konsonanti unaosikika katika fasili, neno ambalo leo hutumiwa kwa maana ya ufafanuzi mzima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliichambua Isagoge kwa kirefu katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa, Al-Shifa. Kwa hivyo istilahi hizi, ingawa leo zinatufikia zikiwa na mavazi ya Kilatini, zilikwisha kuacha nyayo katika Kiswahili kwa njia ya bahari.

Tofauti kati ya difarensia na sifa nyingine mbili za Porphyry ndiyo inayowatatiza wengi. Sifa ya pekee humhusu kila mmoja wa aina fulani na hakuna mwingine, lakini haisemi kitu chenyewe ni nini. Wazee wa mantiki walipenda kutoa mfano wa binadamu: akili ndiyo difarensia yake, ilhali uwezo wa kucheka ni sifa yake ya pekee tu. Sifa ya sadfa inaweza kuwapo au kutokuwapo, na kitu kikabaki kile kile. Mtu akinyoa ndevu hageuki kuwa mtu mwingine.

Ni rahisi kukosea. Husimuliwa kwamba Plato alimfasili binadamu kuwa mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya, na kwamba Diogenes alimnyonyoa jogoo manyoya, akamleta darasani na kutangaza kuwa huyo ndiye binadamu wa Plato. Inasemekana fasili ikalazimika kuongezewa kucha pana. Kisa hicho kilisimuliwa karne nyingi baada ya wahusika kufa, na huenda kimetiwa chumvi, lakini kosa linalosimuliwa ni la kweli na hurudiwa kila mwaka katika mitihani: difarensia iliyochaguliwa ni pana mno, ikawaingiza wasiohusika.

Kosa la upande wa pili, la difarensia iliyo nyembamba mno, linaonekana katika Ziwa Nakuru. Atakayemfasili heroe, ambaye wengi humwita flamingo, kuwa ni ndege mrefu wa majini mwenye rangi ya waridi, atakuwa amewatupa nje makinda wote, kwa kuwa heroe huanguliwa akiwa na manyoya ya kijivujivu na rangi hiyo humjia polepole kutokana na chakula anachokula. Rangi ni sifa ya sadfa. Wataalamu wa ndege huwatofautisha heroe wawili wa ziwa hilo, yule mdogo na yule mkubwa, kwa kimo na kwa mdomo. Mdomo wa mdogo ni mwekundu wa kiza, na umeumbwa kuchuja mwani mdogo sana wa maji ya magadi. Wa mkubwa ni wa waridi wenye ncha nyeusi, na humwezesha kula vijidudu vya majini. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini heroe wadogo wengi walihamia Ziwa Bogoria maji ya Nakuru yalipofurika na magadi yake kupungua makali katika mwongo wa 2010, kwa maana mwani wao ulipungua.

Sheria inapofasili

Katika vitabu vya mantiki, difarensia mbovu humgharimu mwanafunzi alama. Katika sheria, inaweza kumgharimu mtu shamba.

Takriban kila sheria ya Kenya hufungua kwa kifungu cha ufafanuzi wa maneno, na mawakili husoma kifungu hicho kwa makini kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Sheria ikisema kwamba neno fulani maana yake ni hili, mlango umefungwa: kisichotimiza difarensia iliyotajwa kiko nje. Ikisema neno hilo linajumuisha hili na lile, mlango umeachwa wazi, na mahakama inaweza kuingiza vingine. Kati ya maneno hayo mawili madogo, maana yake ni na linajumuisha, kesi nyingi zimeshindwa na kushindwa tena.

Jiji ni mfano mzuri. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 iliweka jenasi, yaani eneo la mji, kisha ikapanga ngazi. Ili manispaa ipandishwe hadhi kuwa jiji, sheria ilitaka iwe na wakazi wasiopungua 500,000 kwa mujibu wa sensa ya karibuni, iwe na mpango wa maendeleo, uwezo wa kukusanya mapato ya kutosha, rekodi za usimamizi mwema wa fedha, miundomsingi kama vile barabara, taa za barabarani, masoko na vituo vya wazimamoto, na njia ya kufaa ya kutupa taka. Wakazi nao sharti washirikishwe.

Mwaka 2019 sheria hiyo ilirekebishwa. Idadi inayohitajika kwa jiji ikashushwa kutoka 500,000 hadi 250,000, na ya manispaa kutoka 250,000 hadi 50,000. Katika sensa ya mwaka huo huo, mji wa Nakuru ulihesabiwa kuwa na watu 570,674, kwa hivyo ungevuka kizingiti cha zamani na kipya. Eldoret haikuwa hivyo. Ilikuwa na watu 475,716. Kwa difarensia ya 2011, Eldoret ni manispaa kubwa. Kwa difarensia ya 2019, inaweza kuwa jiji, na mnamo Agosti 15, 2024, Rais William Ruto aliitawaza kuwa jiji la tano. Watu ni wale wale waliohesabiwa. Tarakimu iliyobadilika ni ile iliyo ndani ya sheria.

Kisumu ni kioja kidogo katika habari hii. Ilikuwa jiji tangu mwaka 2001, kabla ya sheria hiyo kutungwa, na katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 397,957. Kama ingeambiwa ianze upya mwaka 2011, isingepita. Kwa upande mwingine, Ruiru katika Kaunti ya Kiambu ilihesabiwa kuwa na watu 490,120, wengi kuliko wa Eldoret, na haikuitwa jiji. Idadi ya watu, kumbe, ni sehemu tu ya difarensia. Seneti sharti iidhinishe, na Rais atoe hati. Mkazi wa Ruiru akishangaa kwa nini Eldoret imetangulia, jibu halimo katika sensa.

Miti na msitu

Kiasi cha saa moja kutoka jijini Nakuru, kupitia Njoro, huanza miinuko ya Mau, msitu wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000 na chanzo cha mito inayolisha maziwa ya Nakuru, Baringo, Natron na Victoria. Kila mtu anajua msitu ni nini hadi atakapotakiwa aupime.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hufasili msitu kuwa ni ardhi ya zaidi ya nusu hekta, yenye miti inayozidi mita tano kwa kimo na vilele vinavyofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi hiyo, au miti inayoweza kufikia viwango hivyo, ambayo matumizi yake makuu si kilimo wala makazi. Kenya, katika hesabu zake za hewa ya ukaa, ilichagua nusu hekta, kimo cha mita mbili na kivuli cha asilimia 15. Ardhi ndiyo jenasi kwa wote wawili. Zilizobaki ni difarensia, na kila moja ina watu inayowanufaisha na watu inayowaudhi.

Chukua ile inayosema inayoweza kufikia. Kwa mujibu wa FAO, eneo ambalo miti yake imekatwa yote linaendelea kuhesabiwa kuwa msitu ikiwa miti inatarajiwa kuota tena. Mtu aliyesimama katikati ya visiki vya misonobari huko Mau Mashariki anaweza kuwa amesimama msituni, kwenye karatasi. Shamba la misonobari lililopandwa kwa ajili ya mbao ni msitu; shamba la chai, hata likiwa kijani mwaka mzima, si msitu, wala bustani ya matunda.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikutumia neno msitu katika lengo lake mashuhuri. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kujitahidi kufikia na kudumisha miti inayofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Tathmini ya kitaifa iliyotolewa kwa takwimu za mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83. Aliyesoma takwimu ya kwanza alitangaza kwamba lengo limetimizwa. Aliyesoma ya pili aliendelea kulalamika. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na magazeti yaliyochanganya takwimu hizo mbili yaliwapotosha wasomaji wao bila kukosea tarakimu hata moja.

Nani ni Ogiek

Hakuna mahali katika Bonde la Ufa ambapo difarensia imebishaniwa kwa uchungu kuliko katika suala la Waogiek wa Mau.

Waogiek ni jamii iliyoishi katika msitu huo kwa vizazi vingi, ikitegemea uwindaji, matunda ya mwituni na hasa asali ya mizinga inayotundikwa juu ya miti. Lugha yao ni ya kundi la Kalenjin. Kwa muda mrefu, hata hivyo, hawakuitwa kwa jina lao. Waliitwa Dorobo, neno lililotokana na Kimaasai, ambalo huwataja watu wasio na ng'ombe, yaani maskini.

Mwanamantiki ataliona tatizo mara moja. Jina hilo ni fasili iliyojificha, na difarensia yake ni ukosefu. Halisemi watu hao wana nini. Lasema wamekosa nini, tena kwa kipimo cha jirani mwenye mifugo. Aristotle alikwisha kuonya dhidi ya fasili za kukanusha pale ambapo kitu kina sifa zake chenyewe. Serikali ya kikoloni haikujali onyo hilo. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ilipendekeza kwamba Dorobo wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo. Watu waliofasiliwa kwa kutokuwa na kitu walionekana pia kuwa hawana ardhi, na hatua kutoka neno hadi uamuzi ilikuwa fupi.

Mnamo Oktoba 2009, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) lilitoa notisi ya siku 30 kuwataka wakazi, Waogiek wakiwamo, waondoke katika msitu wa Mau. Malalamiko yalipelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka huo huo, na mwaka 2012 Tume ikaiwasilisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha.

Kabla ya kuamua chochote kuhusu ardhi, mahakama ilibidi ijibu swali linalofanana sana na la darasani: je, Waogiek ni watu wa kiasili? Mkataba wa Afrika haukufasili maneno hayo. Serikali ya Kenya ilidai kwamba Waogiek si kabila la pekee bali ni mchanganyiko wa jamii mbalimbali. Baadaye, wakati wa kusikilizwa kwa kesi, ilikubali kwamba wao ni wa kiasili, lakini ikasema Waogiek wa leo si wale wa miaka ya 1930, kwa sababu wamebadili maisha yao.

Hoja hiyo ya pili inastahili kutazamwa polepole, maana ndipo mantiki ya Porphyry inapokutana na maisha ya watu. Iwapo kuwinda na kukusanya asali ni difarensia ya Mwogiek, basi aliyepanda mahindi na kumpeleka mtoto shuleni amejitoa katika fasili, na haki zilizofungamana na fasili hiyo zimemtoka. Iwapo kuwinda ni sifa ya sadfa, kama ndevu za mtu, basi anaweza kuziacha na akabaki Mwogiek.

Katika hukumu yake ya Mei 26, 2017, mahakama ilitumia vigezo kadhaa vilivyokwisha kuandaliwa na wataalamu wa Tume ya Afrika na wa Umoja wa Mataifa. Iliangalia nani alitangulia kuitumia na kuikalia ardhi husika. Kama jamii inaendeleza kwa hiari utamaduni wake wa pekee. Kama inajitambua, na kutambuliwa na wengine, kuwa ni jamii tofauti. Na kama imepitia unyanyaswaji, kunyang'anywa au kubaguliwa. Kwa vigezo hivyo ilikubali kwamba Waogiek ni watu wa kiasili. Kuhusu mabadiliko ya maisha, mahakama ilieleza kwamba mabadiliko hayo yalisababishwa na vikwazo ambavyo serikali yenyewe iliweka dhidi ya jamii hiyo kuifikia ardhi na mazingira yake. Pia ilikataa hoja kwamba Waogiek ndio walioangamiza msitu wa Mau.

Kenya ilipatikana kuwa imekiuka vifungu kadhaa vya Mkataba, vikiwamo vya kutobaguliwa, mali, dini, utamaduni na maendeleo. Dai la kukiukwa kwa haki ya uhai halikukubaliwa. Juni 23, 2022, mahakama iliamuru Waogiek walipwe fidia ya Sh57,850,000 kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa madhara mengine, na pia ikaiagiza serikali iwarejeshee ardhi yao ya jadi kwa kuipima na kuwapa hatimiliki kwa pamoja. Novemba 2023, mwaka mmoja na nusu hivi baadaye, familia za Waogiek zilikuwa zikifurushwa tena huko Sasimwani, upande wa Narok.

Katiba ya Kenya ina fasili yake. Kifungu cha 260 kinapoeleza jamii iliyotengwa ni ipi, hutaja miongoni mwa nyingine jamii ya kiasili ambayo imehifadhi na kudumisha maisha ya jadi na riziki inayotegemea uwindaji au ukusanyaji. Nia ya waliotunga ilikuwa njema, na kifungu hicho kina aya nyingine ambazo jamii kama hiyo inaweza kuzitegemea. Hata hivyo neno kudumisha ni difarensia yenye makali. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Sheria moja inamtaka Mwogiek awe amedumisha riziki ambayo sheria nyingine itamfunga kwayo. Kinachomwokoa katika aya hiyo ni kiunganishi kidogo, au, kwa kuwa ukusanyaji wa asali haujaharamishwa, mradi tu aruhusiwe kuufikia mti ulio na mzinga.

Difarensia zinazozeeka

Difarensia iliyotumika miaka mingi inaweza kuanguka kwa ugunduzi mmoja. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey alichimbua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mashoka ya mawe yaliyoundwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wakati huo binadamu alifasiliwa na wengi kuwa mnyama anayeunda zana. Mwaka 1960, Jane Goodall, aliyetumwa na Leakey huyo huyo kwenda Gombe nchini Tanganyika, aliwaona sokwe wakichambua majani kutoka vijiti na kuvitumia kuvua mchwa. Ama sokwe aitwe mtu, ama fasili ya mtu ibadilishwe. Miaka minne baadaye Leakey, Phillip Tobias na John Napier walipotangaza Homo habilis kutokana na mabaki ya Olduvai, walilazimika pia kuandika upya fasili ya jenasi Homo, wakishusha kiwango cha chini cha ukubwa wa ubongo ili mgeni huyo apate kuingia. Wapo waliosema wakati ule kwamba mlango umechongwa ili umtoshe mgeni, na ubishi huo haujaisha kabisa.

Mgunga wa manjano, ule unaozunguka Ziwa Nakuru na Naivasha, ulipatwa na jambo la kinyume. Jina lake la kisayansi lilikuwa Acacia xanthophloea. Neno la pili ni difarensia tupu: maana yake ni gome la manjano, na ndiyo sifa ambayo hata mtoto huitumia kuutambua. Lakini wanabotania walipoigawa jenasi Acacia, uamuzi uliofanywa Vienna mwaka 2005 na kuthibitishwa Melbourne mwaka 2011 uliwaachia Waaustralia jina hilo. Migunga ya Afrika ikapewa majina mengine, na mti huu ukawa Vachellia xanthophloea. Difarensia ilibaki, kilichohama ni jenasi.

Wapo wanafalsafa wanaoshikilia kwamba si kila neno linaweza kufasiliwa kwa jenasi na difarensia. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 baada ya kifo chake, alitoa mfano wa neno mchezo: bao, kandanda na kibe hufanana kama ndugu wa familia moja wanavyofanana, huyu kwa pua na yule kwa mwendo, bila sifa moja iliyomo katika yote. Watunga kamusi wanalijua hilo kwa uzoefu. Hata hivyo hurudi kwa Aristotle kila wanapofikia maneno kama mtamba, kwa sababu hapo njia yake haijapata mshindani.

Katika Kiswahili, difarensia huwekwa katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi vikiwa sawa. Kilatini huandika wingi wake differentiae. Haifai kuitumia mahali pa neno tofauti kwa jumla. Tofauti huweza kuwapo kati ya vitu vyovyote viwili, kama vile mwezi na mkate, ilhali difarensia huhitaji kwanza jenasi moja inayovikusanya vitu hivyo. Wanaopendelea sifa bainifu wanaweza kuitumia bila wasiwasi, ila waangalie kwamba katika isimu istilahi hiyo ina matumizi mengine yaliyokwisha kuzoeleka.